Jinsi Mkristo Anavyoweza Kuutunza Mwili na Mwonekano Wake Bila Kuuabudu

Katika makanisa yetu mengi kuna mafundisho mawili kuhusu mwili, na ni nadra kuyasikia katika mahubiri mamoja. Wako wanaosema kwamba mwili ni mavumbi, na kwamba anayeamka alfajiri kukimbia angefanya vema zaidi kupiga magoti, nao hujitetea kwa 1 Timotheo 4:8: "Kwa maana kujizoeza kupata nguvu za mwili kwafaa kidogo, lakini utauwa hufaa kwa mambo yote." Wako pia, hasa vijana, ambao wamechapisha 1 Wakorintho 6:19 kwenye fulana za mazoezi, na maneno ya hekalu la Roho Mtakatifu yamekuwa kwao kibali cha kupiga picha za misuli kila jioni. Kabla ya kushika kamba ya kuruka au chombo cha mafuta ya kupaka, ni vema mistari hiyo miwili irudishwe mahali pake.

Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za hekalu akiwa anakemea uasherati. Hakuwa anazungumzia kitambi. Hata hivyo hoja aliyoitumia ni pana kuliko jambo alilolikemea, kwa sababu anasema, "Wala ninyi si mali yenu wenyewe; maana mlinunuliwa kwa thamani." Ikiwa mwili una mwenyewe, basi sisi tunaoishi ndani yake ni mawakili, yaani watunzaji wa mali ya mwingine, na wakili huulizwa maswali mawili tu, kwamba je, ulikitunza ulichokabidhiwa, na je, ulikitumia kwa kazi ya aliyekukabidhi. Kwa upande wa barua kwa Timotheo, mtu anayenukuu sura ya nne na afike basi mpaka sura ya tano, aya ya 23, ambako mtume huyohuyo anamshauri kijana wake atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mtu anayeudharau mwili haandiki ushauri wa tumbo katikati ya barua ya uongozi wa kanisa. Maelekezo yanayofuata yamejengwa juu ya uwakili huo, na msomaji ataona kwamba swali la pili la wakili ndilo litakalotusaidia kila tutakapokwama.

Anza kwa kujua hali uliyo nayo

Watu wengi huanza na viatu vya michezo, na kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya. Anza na vipimo vitatu visivyo na gharama kubwa: shinikizo la damu, ambalo mitaani tunaliita presha, sukari ya damu, na mzunguko wa kiuno. Kiuno unaweza kukipima mwenyewe nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, ukiizungusha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga baada ya kutoa pumzi taratibu. Sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni mipaka inayotumiwa sana kuonyesha kwamba hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda.

Kipimo cha presha ndicho kinachoharibiwa zaidi katika siku za afya zinazofanyika makanisani. Ibada inakwisha, watu wametoka kuimba na kucheza kwa nguvu, wanasimama foleni wakipiga soga, kisha mmoja anaketi, muuguzi anamfunga kitambaa juu ya mkono wa shati, na wakati mashine inajaa upepo mama mwingine anamsalimia naye anaitikia. Namba inayotoka hapo haina thamani kubwa. Kipimo sahihi kinahitaji mtu awe ameketi kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili imekanyaga chini bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza ukiwa sawa na usawa wa moyo, kitambaa kimefungwa juu ya ngozi, kibofu hakijajaa, na kahawa au chai ya rangi haijanywewa ndani ya nusu saa iliyotangulia. Mtu akipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, aende kituo cha afya, kwa sababu presha mara nyingi haina dalili yoyote mpaka imeshaathiri figo, moyo au ubongo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wachungaji wengi wanalijua na wachache wanalitangaza. Mtu akiombewa na akaamini kwamba amepona, asiache dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI kabla ya kurudi kupima na kuzungumza na mtaalamu anayemtibu. Bwana Yesu mwenyewe alipomtakasa mwenye ukoma katika Mathayo 8 alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani, na kuhani ndiye aliyepewa na torati kazi ya kukagua ngozi na kuthibitisha. Hakuona kwamba uthibitisho ule unapunguza muujiza.

Mazoezi yanayoingia katika wiki ya mtu wa kanisa

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale yanayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na kipimo hicho kinamfaa sana mwanakwaya: ikiwa unatembea na bado unaweza kuimba sauti yako mpaka mwisho wa ubeti bila kukatika pumzi, ongeza mwendo.

Dakika 150 zinatisha zikisikika kwa mkupuo, lakini ni nusu saa katika siku tano. Chukua wiki ya kawaida ya msharika aliyeajiriwa mjini. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ashuke daladala vituo viwili kabla ya kwake na kumalizia kwa miguu, akitembea kwa haraka kama mtu aliyechelewa kikao. Jumanne na Jumamosi afanye mazoezi ya nguvu nyumbani, ambayo hayahitaji ukumbi wala mashine: kuchuchumaa na kusimama, pushapu za kuegemea ukuta au meza kwa anayeanza, kunyanyua madumu ya maji ya lita tano, kupanda na kushuka ngazi au kibaraza. Seti tatu za mara kumi kwa kila zoezi zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Alhamisi ni ya kipindi cha maombi au jumuiya, na ikiwa nyumba ya mwenyeji haiko mbali, jumuiya nzima inaweza kwenda na kurudi kwa miguu. Anayelima, anayechota maji au anayebeba mizigo sokoni kutwa hahitaji kuambiwa atembee zaidi; mwili wake unadai kunyooshwa na kupumzishwa, na mahubiri ya mazoezi yanayomsahau mtu huyu ni mahubiri ya maofisini.

Kuomba wakati wa kutembea ni jambo linalowezekana na lina faida yake, kwa kuwa njia moja inayopita mbele ya nyumba zilezile inakukumbusha majina ya kuyaombea. Hata hivyo siamini kwamba kila dakika ya mazoezi lazima ifanywe ibada ili ihalalike. Anayepumua vizuri na kufurahia baridi ya alfajiri amekwisha kupokea kitu kutoka kwa Muumba, hata kama hakutamka neno.

Suala la siku ya Bwana huleta mabishano, hasa mabonanza na mbio za barabarani zinapopangwa Jumapili asubuhi. Msomaji anayetafuta mfano amtazame Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa China katika familia ya wamisionari. Alikataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 kwa sababu michujo yake ilipangwa Jumapili, akajiandaa kwa mita 400 na kushinda medali ya dhahabu, kisha mwaka uliofuata akarudi China kuwa mmisionari, na huko akafa mwaka 1945 akiwa katika kambi ya wafungwa ya Wajapani. Wengine watakuwa na msimamo tofauti kuhusu Jumapili, na Wasabato wataizungumzia Jumamosi. La muhimu kwetu ni kwamba mtu huyu aliupenda mchezo wake kwa moyo wote na bado mchezo haukuwa na neno la mwisho juu yake. Ukiona kwamba ratiba ya mazoezi ndiyo inayoamua lini utaabudu, lini utamwona mgonjwa na lini utakaa na watoto wako, uwakili umegeuka kuwa umiliki.

Kwa dada na mama wanaosita kutokana na mavazi, suruali pana ya michezo chini ya gauni fupi au fulana ndefu huwatosheleza wengi, na kundi la wanawake wanaotembea pamoja alfajiri huondoa hofu ya usalama pamoja na maneno ya wapita njia. Mwenye umri mkubwa, mwenye maradhi ya moyo au anayebanwa kifua akipanda mlima aonane na daktari kabla ya kuanza.

Meza

Kwenye chakula makanisa yetu yana kigugumizi. Tunakemea pombe kwa sauti kubwa, lakini Mithali 23:20-21 inawataja walevi na walafi katika pumzi moja, na sehemu ya pili huwa tunaipita. Tazama chai ya semina: maandazi mawili, chapati, sambusa, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari; saa tatu baadaye, mlima wa pilau na soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban vijiko kumi na viwili kwa siku nzima. Chumvi nayo isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojazwa kupita kiasi, pamoja na ile iliyomo katika viungo vya pakiti.

Hakuna chakula maalumu cha Kikristo, na anayeuza unga fulani kwa jina la Danieli anauza unga. Kinachofaa ni sahani ya nyumbani iliyopangwa vizuri: nusu yake mboga za majani na mboga nyingine, robo ugali, wali au ndizi, na robo dagaa, maharage, mayai au nyama, kisha tunda. Mchicha, kisamvu, matembele, dagaa na kunde vinapatikana kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu, na inasikitisha kwamba mgeni akija tunavificha na kununua soseji. Jumuiya zinaweza kusaidia kwa uamuzi mmoja mdogo, kwamba mwenyeji atatoa maji, matunda na karanga, basi. Uamuzi huo unamwondolea aibu mwenyeji maskini aliyekuwa akikopa ili ashindane na jirani aliyekaribisha wiki iliyopita.

Kufunga si njia ya kupunguza uzito. Anayefunga ili nguo ya harusi impate afanye hivyo bila kulitaja jina la Mungu, na kipimo cha mfungo kiko katika Isaya 58:7, ambapo chakula kinaenda kwa mwenye njaa. Jambo jepesi la kufanya ni kuweka pembeni fedha ya mlo ulioacha na kuipeleka mahali penye uhitaji. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula wasifunge kavu bila ushauri wa daktari. Kwao kuna mfungo wa Danieli 10:3, ambao ulikuwa wa kuacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu, na hakuna aliyemwona Danieli kuwa mvivu wa maombi. Siku ya kufunga oga, jipake mafuta na unawe uso kama Mathayo 6:17 inavyoagiza, ili midomo mikavu isije ikawa tangazo.

Usingizi nao ni sehemu ya utunzaji. Eliya alipochoka kiasi cha kuomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika alimwachia alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha akamwacha alale tena; maswali magumu yalikuja baadaye. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Anayetoka kwenye mkesha alfajiri asishike usukani wala pikipiki kabla hajalala, na kanisa linaloandaa mkesha lifikirie usafiri wa watu wake kama linavyofikiria spika.

Ngozi, nywele na nguo

Maneno ya 1 Petro 3:3-4 kuhusu kusuka nywele, dhahabu na mavazi yametumiwa mara nyingi kuwafanya wanawake waone haya kwa kuwa nadhifu. Petro anawaambia uzuri wao wasiuweke katika vitu hivyo. Kama angekuwa anapiga marufuku kila kitu alichokitaja, angekuwa amepiga marufuku mavazi yenyewe. Ruthu aliambiwa na mkwewe aoge, ajipake mafuta na kuvaa nguo zake. Mwanamke wa Mithali 31 anavaa kitani safi na zambarau, na katika sura hiyohiyo anaukunjua mkono wake kwa maskini. Nadhani hapo ndipo pa kupimia: mavazi yake hayakuula mkono wa maskini.

Kwa hiyo panga mwonekano wako kama unavyopanga sehemu nyingine ya bajeti, ukitenga kiasi cha mwezi kwa ajili ya saluni au kinyozi, sabuni, mafuta, dawa ya meno na nguo, na ukikiheshimu. Kuoga kila siku, kupiga mswaki mara mbili, kubadili soksi na nguo za ndani, kufua wigi na kuosha nywele zilizosukwa, kunyoosha shati: hayo yanakubalika kwa wote na hayahitaji aya ya Biblia. Wigi, rasta, rangi ya kucha na hereni ni mambo ambayo madhehebu yanatofautiana, na mshirika anaweza kuheshimu utaratibu wa kanisa lake bila kumhukumu wa kanisa jingine.

Mkorogo ni jambo la namna nyingine, na hapa sipendi lugha laini. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, lakini bado zinauzwa, mara nyingine zikiwa zimekorogwa dukani na kutiwa katika kopo lisilo na jina. Ukinunua losheni, geuza kopo na usome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo mgongoni. Ukikuta hydroquinone, mercury (zebaki), calomel (ambayo nayo ina zebaki) au clobetasol, irudishe. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito anaweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha madoa meusi yenye ubuluu, hasa mashavuni. Na clobetasol, ambayo ni dawa halali ya ngozi mikononi mwa daktari, huifanya ngozi iwe nyembamba ikipakwa kiholela, mishipa ikaonekana na kidonda kikachelewa kupona. Kopo lisiloorodhesha kitu chochote lihesabiwe kuwa lina vyote. Aliyekwisha kutumia krimu yenye clobetasol kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake, kwa kuwa ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Amwone daktari wa ngozi. Mahubiri ya kuwacheka wanaojichubua hayasaidii, hasa yanapotolewa mahali ambapo wasichana weupe ndio wanaochaguliwa kupokea wageni na kusimama mbele ya kamera ya kwaya.

Hilo linatufikisha kwenye ulimi. Samweli alipoitazama sura na kimo cha Eliabu aliambiwa, "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo," lakini baada ya ibada salamu zetu nyingi ni ukaguzi wa miili. "Umenenepa, ndoa imekukubali." "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Anayeambiwa la kwanza huenda anapambana na uzito kwa miaka, na anayeambiwa la pili huenda ndiyo kwanza amepata majibu ya hospitali. Salimia kwa habari ya nyumbani na ya kazi, kisha kama una wasiwasi wa kweli, mwite pembeni umuulize hali yake, bila kuutaja mwili mpaka yeye autaje. Viongozi nao waangalie sare. Kitenge kipya kila sikukuu ya akina mama kinawafanya baadhi ya wanawake wabaki nyumbani siku hiyo, jambo ambalo Yakobo 2:2-4 ilikwisha kulikemea kwa mfano wa mtu mwenye pete ya dhahabu aliyepewa kiti kizuri.

Ukitaka kuanzisha kundi katika usharika wako, zungumza na mchungaji na muuguzi mmoja aliye mshirika, chagueni siku moja na saa moja isiyogongana na mazoezi ya kwaya, na mkubaliane njia yenye mwanga isiyopita barabara ya magari makubwa. Wazee wasioweza kutembea mwendo mrefu wapewe zoezi lao ukumbini: kuketi kwenye kiti kisichoyumba kilichoegemezwa ukutani, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kusimama na kuketi taratibu mara kumi, wapumzike, kisha warudie, huku mtu mmoja akisimama karibu kwa ajili ya anayepepesuka.